Zana maalumu za ufundi wa magari unazoweza kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vitabu vya ufundi wa magari hufika mahali pagumu vikaandika, "ondoa kwa kutumia zana maalumu." Zana yenyewe mara nyingi haipatikani kirahisi, au bei yake inazidi ya kazi nzima. Majibu haya ni kwa fundi anayeanza, kwa mwenye gari anayependa kujifanyia mwenyewe, na kwa yeyote mwenye jiliwa, msumeno wa chuma na subira.

Zana ya kujitengenezea inaweza kweli kufanya kazi ya ile ya kiwandani?

Kwa kazi nyingi, ndiyo. Zana maalumu, hata iwe na umbo la ajabu kiasi gani, hufanya moja kati ya mambo machache: inasukuma, inavuta, inazuia kitu kisizunguke, inafika pale mkono usipofika, au inapima. Kabla ya kukata chuma chochote, jiulize nguvu inatoka wapi, inaelekea wapi, na njiani inabebwa na nini. Ukishajua hayo matatu, umbo la zana linakuja lenyewe. Anayeiga picha ya zana bila kujua nguvu inapita wapi ndiye anayeharibu beringi mpya siku hiyo hiyo aliyoinunua.

Nitajuaje ipi nitengeneze na ipi niiache?

Fikiria zana imevunjika kazi ikiwa katikati. Je, kitatokea nini? Kama ni bolti kuzunguka bure au kazi kuanza upya, tengeneza. Kama kuna kitu kizito kitakachoanguka, springi itakayofyatuka au kimiminika chenye presha kitakachoruka, usitengeneze. Azima, kodi, au peleka kazi kwa mwenye zana halisi. Katika hili sina mjadala na mtu yeyote, hata awe na uzoefu wa miaka mingi.

Zipi hasa ambazo nisizitengeneze?

Kibanio cha springi za shokapu kiko juu ya orodha yangu. Springi iliyobanwa inashikilia nguvu ya mamia ya kilo, na mnyororo, waya au bolti zilizokunjwa zikiachia, inaruka usoni kabla hujapepesa jicho.

Stendi za gari nazo vilevile. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kuonyesha dalili. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Hakuna kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Usijaribu vilevile kubuni chochote kwa ajili ya mfumo wa mafuta wa dizeli za kisasa, ambako presha hufika zaidi ya bari 2,000. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo yanapenya ngozi, na kidonda kinachoonekana kama alama ya sindano huhitaji upasuaji wa haraka. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi plagi zake ni za njano, na nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi na ya umeme ziache kabisa.

Niwe na vitu gani kwanza?

Vingi viko kwenye pipa la vyuma chakavu: ringi za beringi zilizokufa, vipande vya bomba nene vya vipenyo tofauti, vipande vya bapa la milimita 5 au 6, soketi zilizopasuka, sumaku ya spika mbovu, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani.

Bolti ndizo za kuchagua kwa makini. Angalia kichwani. Bolti ya chuma iliyopigwa chapa 8.8 ina uwezo wa kuhimili mvuto wa megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Ya 10.9 inakatika kwenye 1,000 na kuanza kurefuka kwenye 900. Bolti isiyo na chapa yoyote ni ya kufungia ubao, si ya kuvutia beringi. Nondo ya ujenzi pia naikwepa: si duara kamili na kuikata meno ni taabu.

Sina presi. Nitatoaje bushi ya mkono wa sasipensheni?

Hii ndiyo zana ningemwambia kila mtu aanze nayo, kwa sababu ukishaitengeneza mara moja utaitumia kwenye beringi, bushi, pini na kila kinachoingia kwa kubanwa. Unahitaji bolti ndefu yenye meno mwanzo hadi mwisho, ya M12 au M14 (yaani kipenyo cha milimita 12 au 14), daraja la 8.8 au zaidi, nati ndefu mbili, washa nene, kitu cha kusukuma na kitu cha kupokea. Cha kusukuma ni soketi ambayo kipenyo chake cha nje ni kidogo kidogo tu kuliko tundu la mkono, ili ipite ndani nyuma ya bushi. Cha kupokea ni kipande cha bomba nene ambalo bushi inaweza kuingia ndani yake yote, na ukingo wake unakaa juu ya chuma cha mkono.

Kabla ya yote, weka alama ya rangi kwenye mkono kuonyesha bushi imeelekea wapi. Bushi nyingi zina matundu kwenye mpira wake, na zikiingia zimegeuka gari halitatulia barabarani. Safisha kutu kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kupenya, acha yafanye kazi. Paka grisi kwenye meno ya bolti na katikati ya washa na nati. Grisi hiyo ni nusu ya mafanikio. Bila yake nguvu yako yote inaishia kwenye msuguano. Ukiwa na beringi ndogo bapa ya kuweka chini ya nati, kazi inalainika zaidi.

Sasa kaza. Mwanzoni hakuna kinachosogea, spana inazidi kuwa nzito, halafu unasikia mlio mkavu na spana inakuwa nyepesi ghafla. Simama hapo uangalie. Kama bushi imesogea, endelea. Kama haijasogea, rudisha nati nyuma kidogo: ikigoma kurudi, meno yamevutika na bolti hiyo haifai tena. Ukifika mahali unaning'inia kwenye bomba refu na bushi bado imekaa, acha kulazimisha. Toboa mpira, uutoe, kisha pitisha ubapa wa msumeno wa chuma ndani na ukate ganda la bushi, ukisimama kabla ya kugusa mkono wenyewe.

Bushi mpya iweke kwenye friza kabla ya kuingiza. Na ukishafunga mkono kwenye gari, bolti ya bushi ya mpira ikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukiikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejisokota muda wote na unakufa mapema.

Naweza kutumia bolti hiyo hiyo kuingiza beringi ya gurudumu?

Ndiyo, mradi usukume ringi sahihi. Beringi inapoingia kwenye nyumba yake, sukuma ringi ya nje. Habu inapoingia ndani ya beringi, egemeza ringi ya ndani upande wa pili. Ukikosea, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo vidogo ambavyo huvioni, ila utavisikia vikivuma gari likishika mwendo. Ringi ya nje ya beringi ya zamani, ikisagwa kidogo upande wa nje ili isinase, ndiyo kisukumio bora cha beringi mpya kwa kuwa upana wake unalingana. Itumie kwa kubana tu, usiipige nyundo. Chuma hicho ni kigumu mno na kinaweza kuruka vipande.

Na sili za mafuta?

Kipande cha bomba la plastiki gumu kilichokatwa wima kabisa, chenye kipenyo kinachokaa kwenye ukingo wa nje wa sili. Paka mafuta mdomo wa sili, gonga taratibu ukizunguka. Plastiki haichubui shafti, kwa hiyo kwa kazi hii naipenda kuliko chuma.

Soketi zangu zinang'aa. Naweza kuzitumia kama visukumio?

Kwa kubana kwa bolti, sawa. Kwa kupigwa nyundo, hapana: soketi nyeusi za bunduki ya upepo ndizo zilizotengenezwa kuhimili mapigo, hizo zinazong'aa zinaweza kupasuka. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kwa vyovyote vile.

Pistoni ya breki inagoma kurudi. Nitumie nini?

Klampu ya herufi G na pedi ya zamani vinatosha kwa kalipa nyingi za mbele. Weka pedi juu ya pistoni ili nguvu igawanyike, kaza polepole, na chungulia chombo cha mafuta ya breki kisifurike. Mafuta hayo hula rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika osha kwa maji mara moja.

Kalipa za nyuma usizibane kabla hujaziangalia usoni. Pistoni yenye vishimo au msalaba inarudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, kwa sababu hendibreki inaishika kwa skrubu ndani. Ukiibana kwa nguvu unavunja utaratibu huo wa ndani. Tengeneza kipande cha bapa chenye pini mbili, au bolti ndogo mbili zilizokatwa vichwa, umbali wake ukilingana na vishimo. Nyingi huzunguka kwa mwelekeo wa saa, baadhi kinyume, hivyo jaribu kwa upole kwanza. Gari lenye hendibreki ya umeme linahitaji kuwekwa kwanza kwenye hali ya matengenezo ili mota irudi nyuma yenyewe.

Natoaje hewa kwenye breki nikiwa peke yangu?

Chupa safi, mpira unaoonyesha ndani, na mafuta ya breki kidogo chini ya chupa. Mpira ubane kwenye niplo (skrubu yenye tundu ya kutolea hewa kwenye kalipa), ncha nyingine iwe imezama ndani ya mafuta. Ining'inize chupa juu kuliko niplo ili mapovu yapande. Legeza niplo, kanyaga pedali polepole na kuiachia polepole mpaka mapovu yaishe, ukijaza chombo cha juu kisikauke hata mara moja. Mafuta yaliyotoka yatupwe. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu, na maji ndani yake huchemka breki zikipata moto.

Plagi ya giaboksi ina tundu kubwa la pembe sita na sina ufunguo wake.

Mara nyingi ni tundu la milimita 17. Tafuta bolti ya M10 yenye kichwa cha milimita 17. Funga nati mbili kwenye meno yake, kaza moja dhidi ya nyingine mpaka zijifunge, kisha ingiza kichwa cha bolti ndani ya plagi na uzungushe kwa spana kwenye nati. Ikiwa nati zinateleza, zichomelee kwenye bolti. Pima kichwa cha bolti unapoinunua, kwa sababu baadhi ya bolti za M10 zina kichwa cha milimita 16, nazo zitakula pembe za plagi.

Sheria moja kwa kila plagi ya giaboksi: fungua ya kujazia kabla ya ya kumwagia. Ukimwaga oili kisha ya kujazia ikagoma, gari limekwama hapo hapo.

Nawezaje kutengeneza soketi ya nati zenye umbo lisilo la kawaida?

Nati ya mviringo yenye mikato minne hufunguliwa na kipande cha bomba nene kilichobaki na meno manne baada ya kukatwa kwa grainda. Chora kwanza kwenye karatasi, zungushia bomba, kata nje ya mstari, malizia kwa tupa. Upande wa pili chomelea soketi kuukuu au nati kubwa ya kushikia spana. Kwa sensa ya oksijeni, soketi ndefu ya milimita 22 iliyokatwa mfereji ubavuni ili waya upite inatosha.

Unapokata soketi, ichovye kwenye maji mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimepoteza ugumu wake pale.

Sina spana ya torki. Nitakazaje kwa kipimo?

Kwa mizani ya ndoano na spana ya kawaida. Torki ni nguvu mara umbali, basi. Pima kutoka katikati ya bolti hadi pale utakapofunga ndoano. Tuseme ni nusu mita na kitabu kinataka niutonimita 100: gawanya 100 kwa 0.5 upate niutoni 200, kisha gawanya kwa 9.81 upate kilo 20.4. Vuta mizani mpaka isome hapo, ukihakikisha inavuta kwa pembe mraba na spana. Pembe ikiwa imelala, utadhani umefika kumbe bado. Kwa bolti ndogo ya niutonimita 10, funga ndoano kwenye sentimita 20 na uvute kilo 5.1.

Kitabu kikisema "ongeza nyuzi 90", hesabu pembe za kichwa cha bolti. Kila pembe hadi pembe ni nyuzi 60, hivyo nyuzi 90 ni pembe moja na nusu. Weka doa la rangi kwenye bolti na lingine pembeni yake, uone kwa macho badala ya kukisia.

Mizani yenyewe ijaribu kwanza kwa kitu chenye uzito unaojulikana. Lita 10 za maji ni kilo 10, toa uzito wa ndoo. Kwa bolti za silinda hedi ningetafuta spana halisi ya kuazima, kwa sababu pale kosa dogo linarudi kwa sura ya gasketi iliyoungua.

Puli ya krankishafti inazunguka na bolti. Nifanyeje?

Chukua bapa refu, toboa matundu mawili yanayolingana na matundu ya meno kwenye puli, funga bolti mbili, egemeza mkono wa bapa kwenye chasisi. Acha nafasi katikati ya soketi kupita. Kwenye gari la gia za mkono unaweza kuweka gia ya juu na mwenzako akashikilia breki, ingawa bapa linatulia zaidi.

Naweza kutumia vijiti vya drili kama pini za kufungia taimingi?

Unaweza, kama kipenyo ni kile kilichotajwa kwenye kitabu na kijiti kinaingia bila kucheza. Tumia upande laini, usio na mikunjo. Ila pini hizo zinaonyesha mahali, hazishikilii nguvu. Usizitumie kamwe kuzuia krankishafti wakati unafungua bolti ya puli. Zitakatika, na kipande kikibaki ndani una kazi mpya. Ukimaliza, zitoe, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha ujaribu kuzirudisha. Kwenye injini ambayo valvu na pistoni hugongana taimingi ikikosewa, hatua hii hairukwi.

Kuna njia ya kulenga klachi bila zana?

Shafti ya kuingilia kutoka giaboksi iliyokufa ndiyo zana bora kabisa. Ukiiona imetupwa, iokote. La sivyo, kijiti cha mbao cha mviringo kilichozungushiwa utepe mpaka ncha ikae sawasawa kwenye beringi ya katikati, na sehemu ya juu ijae kwenye tundu la sahani ya klachi. Kaza bolti za kifuniko kwa zamu, kidogo kidogo.

Nataka kubadili sili za valvu bila kufungua silinda hedi.

Tumia kamba laini isiyochanika. Peleka pistoni ya silinda hiyo karibu na juu kwenye mkondo wa kubana, ambapo valvu zote zimefunga, kisha irudishe chini kidogo. Ingiza kamba kupitia tundu la plagi, ukiacha ncha nje, halafu zungusha krankishafti kwa mkono mpaka kamba ibanwe. Sasa valvu haziwezi kuanguka. Kuna wanaotumia upepo badala ya kamba, lakini upepo unaweza kusukuma pistoni na kuzungusha injini vidole vikiwa ndani, ndiyo maana mimi nabaki na kamba.

Kubana springi yenyewe ya valvu, kata dirisha kwenye kipande cha bomba ili uone zile kufuli ndogo mbili, na ukisukume kwa wenzo. Ziba matundu yote ya kurudisha oili kwa kitambaa kabla hujaanza; kufuli ikidondoka ndani, hedi inafunguliwa.

Taa ya kupimia umeme naitengenezaje, na ina hatari gani?

Balbu ya volti 12 ya wati 5, waya mbili, klipu upande mmoja na sindano nene upande mwingine. Uzuri wake ni kwamba inakula umeme wa kutosha, kama nusu ampea, hivyo inafichua waya wa ardhi uliooza ambao mita ingeuonyesha volti 12 safi. Ubaya wake ni huo huo: kompyuta ya gari haipendi kuvutwa nusu ampea. Kwa nyaya za sensa na kompyuta tumia taa ndogo ya LED yenye rizista ya omu 1,000, ambayo huvuta takriban miliampea 10 tu.

Nasikilizaje beringi ipi inapiga kelele?

Mpira mrefu, ncha moja sikioni, nyingine karibu na alternata, pampu ya maji, au kikaza mkanda. Bisibisi ndefu inasikika vizuri zaidi ila ikinaswa na mkanda inakuja kichwani. Nguo na nywele zifungwe.

Magurudumu yameelekea nje. Naweza kuyapima kwa kamba?

Unaweza, na kwa usahihi wa kushangaza. Vuta uzi wa kuvulia samaki kila upande wa gari, kwenye urefu wa katikati ya magurudumu. Panga nyuzi ziwe sambamba kwa kupima kutoka katikati ya habu, si kutoka kwenye tairi, na hakikisha nafasi kati ya nyuzi mbili ni ileile mbele na nyuma ya gari. Usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo toe ya gurudumu hilo, yaani kiasi linavyoelekea ndani au nje, kwa milimita. Sukuma gari mbele na nyuma kidogo kila baada ya kurekebisha, ili sasipensheni itulie.

Klipu za bomba la petroli haziachii.

Kata kipande cha chupa ngumu ya plastiki, kizungushe kwenye bomba kama mkufu, sukuma kiingie ndani ya kiungo mpaka vidole vya klipu vifunguke. Ondoa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iende mpaka izime. Hii ni kwa bomba la presha ndogo la bari 3 hadi 4 tu, injini ikiwa imepoa na hakuna moto karibu.

Nini nikumbuke ninapochomelea zana hizi?

Saga kwanza mabati ya zinki, kwa sababu moshi wake unaleta homa. Na usichomelee kamwe chuma kilichooshwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Joto hugeuza mabaki yake kuwa gesi ya fosijeni, inayoua. Osha kwa sabuni na maji, kausha, ndipo uwashe mashine.

Zana hizi nizitunze au nizitupe kazi ikiisha?

Zitunze. Piga chapa au andika kwa rangi kila moja ni ya gari gani na kipenyo gani, kisha ufunge pamoja kila kundi kwa waya. Kabla ya kuitumia tena, ipitie meno na viungo vya kuchomelea kwenye mwanga mzuri. Bolti iliyovutika au kiungo chenye ufa kiende kwenye chuma chakavu siku hiyo hiyo, kisirudi kwenye rafu.